Theluthi ya Forodha

Binti yangu aliniuliza juzi, kitabu cha historia kikiwa mapajani: "Baba, sultani wa Malindi alipata nini kwa urafiki wake na Wareno?" Nikamkumbuka babu, na alasiri moja ya upepo wa kusi barazani kwetu Lamu.

Babu alikuwa nahodha. Alizoa kokwa za tende sahanini akazipanga mkekani mafungu matatu. "Hili la sultani," akasema. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, Sultani Ahmad wa Malindi alihamishiwa Mombasa akaahidiwa theluthi ya ushuru wa forodha. Babu akayachanganya mafungu yote kwa kiganja. "Na anayehesabu ni nani?"

Ni kapteni wa ngome. Cheo chake kilikuwa cha miaka mitatu, na alitaka faida yake irudi kabla hajaondoka. Pembe za ndovu alizinunua mwenyewe, akashindana na wafanyabiashara walewale aliowatoza. Asiyekuwa na hati ya Wareno hakuwa salama baharini. Katika hati hiyo kuliandikwa jina la nahodha, silaha, shehena na bandari aendayo. Akikamatwa bila hati, chombo na mzigo huenda vyote.

Kisha babu akanishika mabega, akanigeuza uso kusini. "Upepo wausikia?" Ulinipiga machoni. "Haya, mjukuu wangu, nenda Mombasa ukalipe."

Hapo ndipo palipomuuma. Jahazi la Pate au Lamu liendalo India hutoka kusi ikianza, kabla haijachachamaa. Kulilazimisha lipitie Mombasa kwanza ni kulirudisha nyuma zaidi ya kilomita 200, likipiga bisho usiku na mchana, tanga likichanika, maji ya kunywa yakipungua. Likimaliza forodha, kusi imeshakuwa kali. Bandari za India haziingiliki. Mabaharia wale akiba wakingoja demani, kusi ilegeapo, wakati pembe za kapteni zimekwisha kufika Goa, makao ya Wareno huko India.

Sultani Hasan, mwana wa Ahmad, aligombana na makapteni hao, akauawa mwaka 1614.

Babu hakumlaumu Ahmad. Malindi ilikuwa imeshindana na Mombasa tangu zamani, alisema, na mwenye mizinga alipobisha hodi, nani angemfungia? Mimi namlaumu. Alipewa theluthi bila kupewa daftari, na mji wake mwenyewe wa Malindi ukabaki nyuma, biashara ikaufuata ushuru Mombasa. Lakini kila nikitafuta ambacho angefanya badala yake, nakosa.