Shangazi, korona na vena za ubongo
Mwaka 2021 nilikuwa nasoma Upanga, utafiti wangu ukiwa damu kuganda kwenye vena za ubongo, yaani mishipa inayotoa damu humo. Ugonjwa adimu, hata madaktari wenzangu walinihurumia.

Aprili, Marekani ikasimamisha chanjo ya Johnson & Johnson kwa siku 10: wanawake 6 walikuwa wamepata tatizo hilohilo, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zikiwa zimeshuka, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8. Julai 28 Rais Samia akachanjwa hapa Dar, chanjo hiyohiyo. Basi simu yangu haikupumzika.

Shangazi wa Mbagala: "Mwanangu, si wewe unayesomea mabonge ya damu? Nichanje, nisichanje?"

Nikamweleza. Damu huingia kwenye ubongo kwa ateri, hutoka kwa vena. Njia ya kutokea ikiziba, presha hupanda ndani ya fuvu: kichwa kinauma siku nenda rudi, macho yanaona ukungu, wengine wanapata degedege. Na hata bila chanjo huwapata zaidi wanawake vijana, hasa wajawazito, waliojifungua karibuni na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. (Hapo ndipo ninapoumia. Mama aliyejifungua akilalamika kichwa, wengi tunakimbilia malaria.)

"Hayo ya uzazi mimi nishamaliza," akanikatiza.

Nikamwambia korona yenyewe inagandisha damu kuliko hiyo chanjo. Akaguna. Alhamisi akachanja, kisha akampa simu jirani yake: "Ongea na daktari wetu." Nikaanza upya, kuanzia ateri.