Jinsi nilivyoutuliza mchezo wa mikakati usioisha kubadilika

Michezo mikubwa ya mikakati siku hizi haikamiliki siku inapotoka. Stellaris, kwa mfano, ilitoka mwaka 2016 ikiwa na njia tatu za kusafiri kati ya nyota, na kufikia toleo la 2.0 la mwaka 2018 njia ya msingi ilibaki moja tu. Katika mchezo ninaoucheza mimi, kila sasisho liliiacha kampeni yangu ya zamani, yaani mchezo mmoja mrefu niliouhifadhi ili niuendeleze, ikigoma kufunguka au ikifunguka na uchumi uliovurugika, huku nyongeza za kulipia zikiongezeka moja baada ya nyingine.

Dawa niliipata ndani ya Steam kwenyewe, programu ninayonunulia na kufungulia michezo ya kompyuta. Kwanza nilinakili faili za kampeni na kuziweka kando. Kisha nilibofya kulia jina la mchezo, nikafungua sifa zake, nikaingia sehemu ya matoleo ya majaribio, ambamo watengenezaji wengi wa michezo ya aina hii huacha matoleo ya zamani, nikachagua lile nililoanzia kampeni. Tangu hapo sasisho jipya haliligusi. Modi, yaani marekebisho ya mchezo yanayotengenezwa na wachezaji, ndizo zilizosumbua zaidi, kwa sababu hujisasisha zenyewe kufuata toleo jipya, hivyo nilinakili zile zinazolingana na toleo langu kwenye folda ya modi ya kompyuta yangu.

Nyongeza nilizonunua lakini sizipendi nilizizima kwenye dirisha la kuanzishia mchezo. Ile ya ujasusi, kusema kweli, iliongeza vitufe tu. Mpya sinunui mpaka kampeni iishe.