Sahani Juu ya Sahani: Nilivyoigeuza Hadithi ya Mzee Kuwa Filamu

Nilipowaambia watu kwamba nataka kupiga filamu fupi kutokana na hadithi ya kitabuni, karibu kila mtu aliniuliza swali lilelile: "Kwani wewe huna hadithi zako?" Mwalimu mwenzangu alinishika bega na kuniambia kwa upole kuwa kutohoa hadithi ya mtu, yaani kuichukua na kuigeuza filamu, ni kazi ya asiye na mawazo. Kijana mmoja anayeuza filamu River Road, hapa Nairobi, akaja na ushauri wa upande mwingine: "Mwalimu, badilisha majina, badilisha mtaa, nani atajua?" Wote wawili walinipotosha. Mpaka leo nikisikia mtu akimpa mwenzake ushauri wa aina hiyo, nasimama nijibu, hata kama sikuulizwa.

Hadithi yangu mwenyewe nilikuwa nimeshaijaribu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, nilijifungia nyumbani Umoja nikaandika mswada kuhusu kondakta wa matatu aliyeokota mkoba wenye pesa za mazishi. Mwanzo ulitiririka kama maji. Ukurasa wa 40 nikakwama. Sikuwa na wa kumuuliza "kisha ikawaje?" maana wa kujua ni mimi, na mimi sijui. Niliubadilisha mwisho mara sita, na kila mwisho ulidai mwanzo wake. Wanaosifu hadithi za kubuni hawakwambii habari za ukurasa wa 40. Wapo wanaoziweza vizuri sana, siwapingi. Nairobi Half Life ya 2012, filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar, haikutoka kitabuni. Lakini iliandikwa na waandishi zaidi ya mmoja, si mtu mmoja aliyejifungia chumbani.

Na huo uvivu wanaousema uko wapi? Oscar wenyewe wana tuzo mbili za uandishi, moja ya mswada wa kubuni na nyingine ya uliotoholewa. Out of Africa ya 1985, ile ya Karen Blixen, mama wa kahawa ambaye nyumba yake kule mtaa wa Karen ni makumbusho siku hizi, ilishinda hiyo ya pili, na mwandishi wake alichota kwenye vitabu kadhaa, si kimoja. Hata Rafiki, iliyoelekezwa na Wanuri Kahiu na kuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes mwaka 2018, imetokana na "Jambula Tree", hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi ile ni kama barua ya msichana kwa mwenzake, na mtaa wake uko Kampala. Filamu iko Nairobi na wasichana wana majina mengine. Nilisoma na kutazama vyote viwili kwa wiki moja, na hapo ndipo nilipojua ninachotaka kufanya.

Hadithi yangu niliipata katika kitabu cha mitumba, kwa muuza vitabu wa kando ya barabara mjini. Aliyeiandika ni mzee wa Mombasa asiyependa makelele, kwa hiyo jina lake nitaliacha. Mama mmoja wa Mji wa Kale ana kijana aliyekwenda Saudia kuendesha lori. Simu zimekatika. Kila usiku mama anampakulia chakula na kukifunika kwa kawa, kile kifuniko cha kusukwa. Basi. Kurasa 12, na nyingi ni mawazo ya huyo mama.

Nambari ya mzee niliipata kwa mchapishaji wake, nikampigia Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikajieleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Wenzako hunipigia kuniambia wameshafanya."

Yule kijana wa River Road angeniingiza shimoni. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kuigeuza kazi ya mtu kuwa kitu kingine ni haki ya mwenye kazi, na haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Wazo halina mwenyewe: mama anayemngoja mwanawe ni wa kila mtu. Lakini lile kawa, mpangilio wa zile siku na ule mwisho ni vya mzee, na kubadilisha majina hakuvifanyi kuwa vyangu.

Ruhusa yake pekee haikutosha. Ilibidi tujue kama haki ya filamu bado ni yake au aliiuza pamoja na kitabu bila kujua. Mzee hakukumbuka alichotia sahihi. Alitafuta wiki mbili nzima, mkataba ukapatikana ndani ya sanduku la nguo, mjukuu wake akaupiga picha ukurasa kwa ukurasa. Wa tatu ulikuja na ukungu, na ndio uliokuwa na kifungu chenyewe. Akaupiga tena. Mchapishaji alikuwa na haki ya kuchapa kitabu tu. Kingekuwa kinyume, ningekuwa nambembeleza asiye na cha kunipa. Tukaandikiana kwamba naishikilia hadithi kwa mwaka mmoja, asimpe mwingine, kwa pesa za kama mbuzi wawili. Akaongeza sharti moja kwa mdomo: "Huyo mama usinifanyie mwendawazimu." Nikaahidi.

Mswada wa kwanza niliuandika kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyouua. Sikuacha sentensi. Palipokuwa na mawazo ya mama, niliweka sauti ya msimulizi. Zilitoka kurasa 31, na kwa hesabu ya kawaida ya ukurasa mmoja kwa dakika moja, hiyo ni nusu saa ya mwanamke aliyeketi. Jumapili moja nikawaita waigizaji sebuleni kwangu tuusome kwa sauti. Wa kumwigiza mama alikuwa dada mkubwa aliyekaa jukwaani miaka mingi, ameigiza vitabu vya kutahiniwa katika shule zisizohesabika. Mdogo wangu alisoma msimulizi. Alisoma, akasoma, chai ikapoa. Dada mkubwa akaufunika mswada kwa kiganja.

"Mwalimu, hizi dakika tisa zote mimi nafanya nini?"

"Unawaza."

"Nawaza na nini? Na uso? Msimulizi ameshasema ninaumia. Mimi niumie tena?"

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimesahau jambo ninalolifundisha kila mwaka. Tamthilia za shuleni husimama jukwaani bila taabu kwa sababu ni maneno ya watu tangu ukurasa wa kwanza. Hadithi fupi huweza kukaa kichwani mwa mtu mmoja, na kamera haiingii kichwani. Usiku ule nilifuta sauti yote ya msimulizi ili nione kinachobaki. Zilibaki kurasa nne, na ndani yake hakuna kinachotokea.

Nililala na hasira siku tatu. Ya nne nikapata ujanja ambao nauonea fahari mpaka sasa. Nilichagua watu watatu wasio na habari za filamu: Mama Brayo, fundi wa nguo wa pale chini kwetu; kinyozi wa mwanangu; na shangazi yangu wa Kawangware. Kila mmoja nilimsomea hadithi nzima kwa sauti, mara moja tu, na sikumweleza sababu. Nikangoja wiki mbili. Kisha nikamrudia kila mmoja na kumwambia, "Hebu nikumbushe kile kisa."

Jina la kijana, ambalo limo karibu katika kila ukurasa, hakulikumbuka hata mmoja. Kurasa tatu za harusi ya mama, ambazo mimi nilizipenda kuliko zote, ziliyeyuka kana kwamba hazikuandikwa. Ila chakula kilichofunikwa walikikumbuka wote watatu. Kinyozi aliweka mkasi chini akanionyesha kwa mikono: "Anainua hivi, anachungulia, anarudisha." Kitabuni hiyo ni sentensi moja.

Mama Brayo naye, bila kusimamisha cherehani, akaniambia, "Na ile nyama. Kipande kikubwa anamwekea kijana juu ya wali, yeye anakula mchuzi."

Nilipanda juu nikaisoma hadithi mara mbili. Hakuna nyama. Nikashuka kumuuliza aliitoa wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Mwalimu, si ndivyo mama hufanya?"

Mswada wa pili ulikuwa na kurasa 11, na niliuandika kwa jioni nne. Jina la kijana halitamkwi. Harusi haimo. Mama niliihamishia nyumba yake Umoja, na huku hatuna kawa mezani, tunafunika sahani kwa sahani. Tulipata mbili za bati zenye ua jekundu, zimechubuka ukingoni, na zikigusana zinatoa mlio mdogo ambao dada mkubwa alijifunza kuuzuia kwa kidole, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Halafu tukaona kitu ambacho si mimi wala mzee tulikiwazia. Ukiinua sahani ya juu wali ukiwa wa moto, upande wake wa ndani una matone ya mvuke. Ukiinua asubuhi, ni mkavu. Basi zile kurasa zote za mawazo nikaziweka hapo. Usiku wa kwanza matone yanadondoka. Usiku wa mwisho mama anachelewa kuinua, na sahani ni kavu, na mikono yake inaifuta hata hivyo.

Matone hayo hayakai mbele ya taa. Tuliweka sufuria ya maji yanayochemka chini ya meza, na kabla ya kila kupiga, kijana mmoja anaishikilia sahani juu ya mvuke, anahesabu hadi kumi, anaipachika na kutoka mbio. Tulipiga siku mbili katika nyumba ya jirani. Leseni, kamera ya kukodi, nauli na chakula cha watu wanane, vyote havikufika laki moja, na mchele ndio uliokula zaidi ya tulivyodhani.

Tangu filamu itoke, vijana huniuliza kama hadithi za jadi si rahisi zaidi kwa kuwa hazina mwandishi. Chukua Lwanda Magere wa Waluo, mwili wake jiwe na uhai wake umo kivulini, hata adui akamuua kwa kukichoma kivuli. Kamera inakipenda kivuli, na mimi pia natamani. Lakini hadithi hiyo ina wenyewe, na tangu 2016 tuna sheria inayolinda maarifa asilia na sanaa za jamii. Nendeni mkawaulize wazee kwanza. Na mswada wangu wa kondakta nimeurudia. Safari hii siuandiki, namsimulia Mama Brayo akishona, na akisimamisha cherehani najua pale pana kitu.

Filamu ilipokamilika sikutaka mzee aipokee kwa simu. Nilipanda treni hadi Mombasa na kipakatalishi mkobani, tukaketi barazani kwake, mjukuu akashikilia kanga kuzuia mwanga. Dakika 12. Ilipokwisha, mzee alikaa kimya, nami nikawa nahesabu vigae vya sakafu.

"Kawa langu limekuwa sahani," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Hujamfanya mwendawazimu."

"La, Mzee."

"Na hii nyama? Mimi sikuandika nyama."

Nikamweleza habari za Mama Brayo na cherehani yake, na alivyonijibu. Mzee aliingia ndani akatoka na nakala yake ya kitabu na kalamu, akatafuta ukurasa, akaandika kitu pembeni kwa herufi ndogo.

"Kikichapwa tena, itakuwamo," akasema. "Lakini nipigie huyo fundi kwanza. Nataka kumuuliza kama ataniruhusu."