Namna nilivyorudisha picha kwenye linki za tovuti yetu

Hapa Pangani watu hawafungui linki tupu, na wana haki. Kwenye magrupu ya WhatsApp haupiti muda mrefu bila ujumbe wa bando la bure, mkopo usio na dhamana au ajira za serikali ambazo serikali yenyewe haizijui, na wapo walioliwa fedha zao. Mtu akiona anwani ndefu isiyo na picha wala kichwa cha habari, anaipita.

Tovuti ninayoisimamia hutoa matangazo ya wilaya: ratiba ya kivuko cha kwenda Bweni, siku za chanjo, kukatika kwa maji, nafasi za kazi. Karibu wasomaji wetu wote hutufikia kwa linki wanazotumiana wenyewe. Tovuti ilipojengwa upya, zile kadi zenye picha na kichwa cha habari, ambazo hutokea linki inapotumwa, zilipotea na wasomaji wakapungua waziwazi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu akaniandikia: “Mwanangu, hii ni yenu kweli? Mbona haina sura?” Nilimjibu shikamoo, nikamhakikishia ni yetu, kisha nikaanza kutafuta chanzo.

Nilituma linki ileile kwenye programu mbalimbali na kulinganisha. Telegram ilionyesha jina la tovuti pekee, na jina hilohilo lilijirudia kwa kila habari niliyotuma. Facebook ilitoa kisanduku cha kijivu chenye anwani tu. WhatsApp kwenye simu yangu ilionyesha jina bila picha, lakini mwenzangu akituma haikuonyesha chochote. Anayepatwa na shida hii namshauri asiruke hatua hii ya kulinganisha, kwa sababu programu hizi haziichukui kadi kwa njia moja, na tofauti zake ndizo zinazokuelekeza pa kutazama. Kwetu zilinionyesha kwamba matatizo yalikuwa zaidi ya moja.

La mwenzangu lilikuwa jepesi. Kwenye WhatsApp kadi hutengenezwa na simu ya anayetuma. Ukibandika linki, simu yako huenda kuisoma tovuti, ikarudi na kichwa cha habari na picha, na kadi ikatokea juu ya sehemu ya kuandikia. Ukibonyeza tuma kabla haijatokea, ujumbe unaondoka mtupu, na wote kwenye grupu wanaupokea hivyo hata kama simu zao zina mtandao mzuri. Mwenzangu anakaa upande ambao mtandao ni wa kusuasua, naye ni mwepesi wa kubonyeza. Nilimwambia, “Kaka, bandika, subiri picha itokee, ndiyo utume.” Ikawa sawa. Msomaji mwingine alikuwa amezima kadi mwenyewe: ndani ya mipangilio ya faragha ya WhatsApp ipo swichi ya kuzima maonyesho ya linki, ambayo huficha anwani ya intaneti (IP) ya simu yako isionwe na tovuti za watu. Kwa anayejali faragha ni swichi nzuri, ila ajue bei yake.

Hayo yalikuwa ya simu. Ya tovuti yalinichukua muda zaidi.

Kadi ya linki hutokana na mistari michache iliyofichwa mwanzoni mwa ukurasa, kwa mtindo uitwao Open Graph ambao Facebook iliuanzisha mwaka 2010 na programu nyingine zikaufuata. Iliyo muhimu ni og:title kwa kichwa cha habari, og:description kwa maelezo mafupi, og:image kwa picha na og:url kwa anwani. X (zamani Twitter) ina mstari wake, twitter:card, ambao ukiuwekea neno summary_large_image unapata picha kubwa. Yaliyobaki inaweza kuyachukua kutoka kwenye mistari ya Open Graph.

Fundi aliyetujengea tovuti alinihakikishia kuwa mistari yote ipo. Alinionyesha kwenye kompyuta yake, na kweli ilikuwepo. Kumbe alikuwa akitazama ukurasa uliokwisha kujengeka ndani ya kivinjari. Mimi nilifungua Chrome, nikaandika view-source: kisha anwani ya habari, ili nione kile hasa ambacho seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inakituma. Ulitoka ukurasa karibu mtupu: jina la tovuti, na amri ya kupakia JavaScript, yaani programu inayoujenga ukurasa ndani ya kivinjari. Kichwa cha habari, picha na mistari ya kadi vyote vilikuwa vinaongezwa baadaye, simu ya msomaji ikishaendesha hiyo JavaScript. Roboti, yaani programu zinazotumwa na mitandao ya kijamii kusoma kurasa, kwa kawaida hazifanyi kazi hiyo. Ni kama mtoto aliyetumwa kwa jirani: anachukua alichopewa mlangoni na kurudi, hangoji chakula kiive. Ndiyo maana Telegram ilirudi na jina la tovuti tu, kila mara lilelile.

Hapa ndipo penye moyo wa suala zima, na natamani mafundi wetu walifundishe jambo hili tangu mwanzo. Tovuti inayopendeza machoni pako haikuambii chochote kuhusu kile roboti inachokiona. Nilipomwonyesha fundi ule ukurasa mtupu alielewa papo hapo, akabadilisha utaratibu ili kila habari itayarishwe kwenye seva ikiwa kamili, mistari yake ikiwa tayari ndani kabla haijatumwa kwa yeyote. Alirekebisha pia anwani za picha. Awali zilianzia kwenye jina la folda, na sasa ziliandikwa nzima kuanzia https, kwa sababu roboti inahitaji anwani kamili ya picha.

Telegram ikafunguka. Facebook ikabaki na kisanduku chake cha kijivu.

Facebook wana zana ya bure iitwayo Sharing Debugger: unaingia na akaunti yako, unabandika linki, nayo inakuonyesha ilichokisoma na jibu ililopewa na seva. Kwetu jibu lilikuwa 403, yaani seva inamkatalia aliyebisha hodi. Niliwapigia kampuni inayotuhifadhia tovuti. Kijana wa huduma kwa wateja alikuwa na adabu nzuri, lakini akanipa jibu ambalo nadhani wengi wamelisikia: “Dada, tovuti yako iko hewani, hata mimi nimeifungua hapa.” Nilimwomba afanye jaribio lilelile nililokuwa nimelifanya kwenye simu kwa kutumia Termux, programu ya kuandikia amri: amri ya curl -I -A "facebookexternalhit/1.1" ikifuatiwa na anwani ya ukurasa. Amri hiyo inabisha hodi kwa jina la roboti ya Facebook. Kwa jina la kivinjari cha kawaida tulipata 200, yaani karibu. Kwa jina la roboti tulipata 403. Akanyamaza kidogo, akaniunganisha na mhandisi.

Mhandisi aliniambia ukuta wao wa ulinzi huzuia vingi vinavyojitambulisha kama roboti, ya Facebook ikiwemo, kwa sababu ya mashambulizi. Hofu yake ilikuwa ya haki, maana mtu yeyote anaweza kujiita facebookexternalhit, kama mimi nilivyofanya. Tulikubaliana aruhusu kwa kufuata anwani za intaneti (IP) za Meta wenyewe, kampuni inayomiliki Facebook, asitegemee jina pekee. Jaribio la simu yangu liliendelea kukataliwa, lakini Sharing Debugger ikaonyesha 200. Hilo ndilo nililolitaka. Kama ukuta wako hauna shida, tazama pia faili la robots.txt, linaloziambia roboti kurasa zipi zisiguse, maana huko nako roboti inaweza kuwa imekatazwa bila mwenye tovuti kujua.

Sasa Facebook ikawa na picha, WhatsApp ikawa na kichwa cha habari bila picha, ingawa mistari ilikuwa ileile. Hapo nikageukia mafaili. Picha zetu zilipandishwa moja kwa moja kutoka kwenye simu za waandishi, na nyingi zilikuwa za megabaiti kadhaa. Facebook hukubali picha hadi megabaiti 8. WhatsApp ni mgumu zaidi: picha ivuke pikseli 300 kwa upana na faili libaki chini ya kilobaiti 600. Nilijiwekea kiwango cha pikseli 1200 kwa 630, aina ya JPEG, chini ya kilobaiti 300, nacho kinafaa kwenye programu zote tunazotumia. Pia inampunguzia msomaji gharama ya bando. Kwa nembo usitumie SVG (aina ya faili la michoro) kwenye og:image. Weka PNG au JPEG.

Jambo moja dogo la Facebook: mtu wa kwanza kabisa kutuma habari mpya anaweza asipate picha, kwa sababu picha inakuwa bado inachukuliwa. Kutaja vipimo vyake kwa og:image:width na og:image:height husaidia, au upitishe linki kwenye Sharing Debugger kabla hujaitangaza.

Halafu ikaja kumbukumbu. Programu zikishaisoma linki huihifadhi, kwa hiyo hata ukirekebisha ukurasa, kadi mbovu inaendelea kutokea, na mtu anaweza kuanza kubomoa kitu ambacho tayari kimepona. Kwenye Sharing Debugger kipo kitufe cha kuamuru ukurasa usomwe upya. Telegram unaipelekea linki roboti yao ya @WebpageBot. LinkedIn wana Post Inspector. Kwingineko naongeza ?v=2 mwishoni mwa anwani, ili programu ione ni linki mpya. Ujumbe wa WhatsApp uliokwisha kutumwa haubadiliki, kwa kuwa kadi ilisafiri ndani yake. Jumbe hizo tulizifuta na kuzituma tena.

Yule mzee alipoiona kadi yenye picha ya kivuko aliniambia sasa ana imani. Nilifurahi, lakini sikumwacha hapo. Nilimweleza kwamba kichwa na picha ya kadi huandikwa na mwenye tovuti, kwa hiyo tapeli naye anaweza kuweka nembo ya benki au ya wizara. Cha kutazama ni jina la anwani ya tovuti linaloandikwa chini ya kadi ya WhatsApp. “Basi hilo jina niandikie kwenye karatasi,” akasema, nami nikamwandikia kwa herufi kubwa. Sasa jina hilo tunalirudia kwenye kila tangazo, na nimewaomba wasimamizi wa magrupu nao walitaje.

Bado habari za zamani zina picha za wima, na kadi huzikata juu na chini hadi sura za watu zinapotea. Nazirekebisha kwa kufuata zinazotumwa zaidi: nimemaliza ratiba ya kivuko, sasa niko kwenye matangazo ya chanjo.