Kisu cha mfukoni cha mtu wa suti: nilivyokipata Lubumbashi

Mtu akichomoa kisu mezani, wenzake hutazama kwanza mkono wake, kisha uso wake. Mimi nilitaka kisu ambacho ningeweza kukifungua mbele ya mama mkwe bila mtu yeyote kusogeza kiti nyuma. Kazi yangu ni uhasibu hapa Lubumbashi. Nafungua bahasha, nakata kamba za mafaili, mchana namenya chungwa au embe. Kazi zenyewe ni ndogo, lakini katika nchi ambamo kila mtu anazungumzia kuluna, yale magenge ya vijana wa mitaani, na mapanga yao, mwanaume mwenye kisu mfukoni huulizwa maswali.

Ndiyo maana Okapi niliiacha mapema. Kisu hicho kina jina la mnyama wetu, ambaye porini haishi popote ila Kongo, lakini kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe makoloni, na siku hizi kinatoka Afrika Kusini. Ni kisu cha kazi, bei yake nafuu, na simdharau anayekitumia. Shida ni yale meno ya kukifungia: ukikifungua kinalia kra-kra-kra, na chumba kizima kinageuka. Opinel haina makelele hayo. Joseph Opinel aliianza Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na ile pete inayozuia bapa lisimfungie mtu vidole ikaongezwa 1955. Ninayo namba 8, inakaa jikoni na haitoki huko, kwa sababu mpini wake wa mviringo unavimbisha mfuko wa suruali ya kitambaa chepesi.

Nilitaka kisu chembamba, bapa lake lisizidi sentimita saba na kitu, kisicho na kufuli, cha kufunguliwa kwa mikono miwili. Ukucha wa kidole gumba unaingia kwenye mfuo ulio ubavuni mwa bapa, unalivuta taratibu, springi ya mgongoni inalishika. Kisu kinachofyatuka kwa kidole kimoja ni cha haraka, na haraka hiyo ndiyo inayotisha watu. Waingereza wameliweka jambo hili hata katika sheria yao ya 1988: kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, mtu anaweza kutembea nacho bila kuulizwa sababu. Sisi si Waingereza, lakini hapo nawaunga mkono.

Nilikipata Soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kwa muuza vyuma chakavu, chini ya makoki ya maji na vitasa. Kilikuwa cha aina ya Laguiole, kisu chembamba cha Kifaransa chenye nakshi ya nyuki mgongoni; mpini wa pembe umepasuka, nyuki amelika. Jina halikunibabaisha. Laguiole ni mji wa Aveyron, Ufaransa, na kwa miaka mingi kila kiwanda kiliweza kulipiga jina hilo kwenye bapa, vya Thiers, mji mwingine wa visu wa Ufaransa, na vya China vilevile. Nyuki naye hathibitishi chochote.

Nilikielekeza kwenye jua na kutazama mgongo: kati ya springi na bamba za pembeni mwanga haukupenya. Nililishika bapa likiwa wazi na kulisukuma kushoto na kulia, halikucheza. Nikalikunja, ncha ikazama yote ndani ya mpini, bapa limesimama katikati bila kugusa ubavu. Kisha nikasikiliza. Springi nzuri hutoa mlio mmoja mfupi wa kushiba wakati wa kufungua, na mwingine wakati wa kufunga. Mbovu hukwaruza au hunyamaza. Hiki kililia vizuri licha ya uchafu wote ule. Kwangu mimi ustaarabu wa kisu uko hapo, katika namna vipande vilivyokutana. Dhahabu na michoro mtu anaweza kuipaka juu ya takataka.

Mpini nikaupeleka kwa fundi mzee anayechonga malakiti, lile jiwe la kijani, na kufua shaba. Alikigeuza mara mbili, akakohoa, akasema:

“Papa, tuweke malakiti. Batu bakiona, batajua uko mukubwa.”

“Muzee, malakiti ni muzuri, lakini mimi minamenya machungwa.”

Akacheka, maana alinielewa papo hapo. Malakiti ni kaboneti ya shaba. Asidi ya ndimu au chungwa inaila, na ule mng'ao wa kijani unafifia. Tena ni laini: katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, ambacho mwisho wake ni 10, haizidi 4, ufunguo wa chuma ukikaa nayo mfuko mmoja unaichora. Kwenye sanduku la vito inafaa. Shemeji yangu alipendekeza pembe ya ndovu, nikamjibu kwamba biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku tangu mkutano wa 1989, na hata isingepigwa, sitaki kumenya embe juu ya mzoga.

Tukakubaliana mti wa mulombwa, ule ambao Tanzania wanauita mninga. Haupindi ovyo ukikauka, na rangi yake ya kahawia huzidi kupendeza kwa jasho la mkono. Fundi alitoa ribeti za mpini tu, ile inayoshika bapa nikamwomba asiiguse. Akaweka pini mpya za shaba ya njano, akazisugua zikalingana na mti. Nilichomsumbua nacho zaidi ni kingo. Nilipitisha leso juu ya mpini, na kila ilipokwama nilimrudishia kisu. Alinuna kidogo, ila alisugua.

Makali niliyashughulikia mwenyewe, kwa jiwe la maji, nikililaza bapa karibu kabisa na jiwe, kisha kwenye mkanda wa ngozi mpaka karatasi ya risiti ikakatika bila kuchanika. Bapa ni la chuma cha kaboni, siyo kile kisichoshika kutu, kwa hiyo machungwa yalianza kulitia weusi wa kijivu. Wengine huusugua weusi huo utoke. Mimi nauacha, maana unasaidia kuzuia kutu nyekundu. Nalifuta bapa kila baada ya tunda, na tone la mafuta naliweka kwenye ribeti msimu wa mvua.

Baba mkwe alikiomba siku tulipokula pamoja Katuba, mtaa mwingine wa hapa. Nilikifuta, nikakifunga, nikampa kikiwa kimefungwa ili akifungue mwenyewe. Alikizungusha, akabonyeza mgongo, akamenya papai lake bila neno. Alikirudisha kikiwa wazi, makali yananielekea mimi; nikakipokea, sikusema kitu. Kuanzia hapo kila Jumapili anakiulizia kabla ya matunda kuletwa, na nikisafiri kwa ndege kwenda Kinshasa namwachia yeye, kwa kuwa kwenye mkoba wa mkononi hakipiti.