Kutoka Lubumbashi hadi theluji ya mwisho wa msimu: tulivyochagua kituo cha ski

Ukiishi Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na una watoto wa shule, ukiacha Noeli nafasi za kwenda kwenye theluji ni mbili tu: likizo ya Pasaka, au likizo kubwa inayoanza Julai na kuisha Septemba inapoingia. Pasaka theluji ya Ulaya inakuwa inaaga. Agosti, mwezi ambao kazi yangu huniachia nafasi ya kupumua, theluji ya kusini mwa Afrika nayo inakuwa inaaga. Kwa hiyo binti yetu mkubwa alipotangaza mezani kwamba amechoka kupelekwa mji jirani wa Likasi kila mwaka, na kwamba anataka kuona theluji kabla hajamaliza sekondari, nilijua tunakwenda kutafuta mabaki. Ilibaki kujua mabaki ya wapi ni mazuri.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anaishi Grenoble, Ufaransa, mji uliozungukwa na milima ya Alps, na yeye jibu alikuwa nalo tayari. "Mdogo wangu, njooni Pasaka, nyumba ipo." Nyumba ipo kweli, wala sikumpuuza. Jioni nyingi tulizungumza kwenye simu, na alinipa kanuni ambayo mpaka leo naitumia: mwisho wa msimu usiangalie umaarufu wa kituo wala wingi wa pisti zake (njia za kutelezea kwenye theluji), uliza kwanza kijiji chenyewe kiko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Villard-de-Lans, ambacho si mbali na kwake, kiko kwenye mita 1,050 hivi; Aprili ikifika, kule chini unategemea majani kuliko theluji. Val Thorens kiko mita 2,300 na kwa kawaida hufanya kazi mpaka mwanzoni mwa Mei. Les Deux Alpes kina barafu ya kudumu inayopanda hadi karibu mita 3,600. Halafu Pasaka yenyewe haitulii: inaweza kuangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili, na kwenye milima ya chini tofauti hiyo ya mwezi mzima ndiyo tofauti ya kuteleza na kukanyaga matope.

Ulaya ilituangusha kwenye karatasi. Ombi la viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Aliye chini ya hapo halipi, na aliyevuka hapo analipa kama baba yake. Juu yake kuna bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Ukikataliwa, pesa ya ombi hairudi. Sisi ni baba, mama, watoto watatu na mama mkwe, na mwezi Septemba minerval, yaani ada ya shule, inatungoja mlangoni. Nikamwambia Yaya asubiri.

Mtu mmoja wa wakala wa safari hapa mjini alitaka sana kutuuzia Dubai. Wazo lake si baya kama linavyosikika. Tangu 2005 kule kuna ukumbi wa theluji ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates, baridi yake iko chini kidogo ya sifuri mwaka mzima, na wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai kununua mizigo wanaujua vizuri. Huko hakuna mwisho wa msimu. Kwa mtu anayetaka mtoto ashike theluji, apigwe picha, basi, ningemshauri aende. Lakini binti yangu alisema anataka mlima, na mlima haumo dukani. Morocco nayo niliitazama: Oukaïmeden, juu ya Marrakech, ni mlima wa kweli na pisti zake zinapita mita 3,000, ila msimu wake ni wa miezi ileile ya baridi ya kaskazini. Sisi tulikuwa na Agosti mkononi.

Ikabaki huku kwetu kusini. Tiffindell, upande wa Eastern Cape nchini Afrika Kusini, kiko kwenye mita 2,720, njia yake ya kupanda inataka gari la kuvuta magurudumu yote, na hakuna aliyeweza kunihakikishia kwamba kingefunguliwa mwaka huo. Afriski, ndani ya Lesotho, kiko zaidi ya mita 3,000, na pisti yake kuu ina urefu wa kilomita moja hivi. Kilomita moja! Yaya alicheka mpaka simu ikakatika. Lakini nani katika familia yetu angemaliza hata hiyo moja? Watu wanaojifunza kusimama hawana haja ya pisti mia. Wanahitaji mteremko mmoja mpole wenye theluji ya kutosha, mwalimu mwenye subira, na mahali pa joto pa kumweka nkambo, yaani bibi yao.

Ushauri wa Yaya ulikuwa na sehemu moja niliyolazimika kuigeuza. Yeye husema tafuta mteremko unaotazama kaskazini, kwa sababu jua la kule hupita upande wa kusini na upande wa pili hukaa kivulini. Kwetu ni kinyume, na sihitaji kitabu kuliona hilo. Nyumba yetu hapa Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, ina baraza upande wa kusini, na Juni na Julai mama mkwe wangu hakai pale hata umpe mablanketi mawili, maana jua linapitia upande wa pili wa paa. Kwenye milima ya Maluti ya Lesotho, baraza kama hilo ndilo unalolitafuta. Nikafungua picha za satelaiti za miezi ya Agosti ya nyuma na kuzipitia kwa utulivu. Milima yote kahawia, imekauka, na katikati yake utepe mmoja mweupe. Utepe huo ndio kituo cha Afriski, na ndicho tulichokichagua.

Rangi hiyo ya kahawia isikuogopeshe. Majira ya baridi ya Lesotho ni kiangazi kama chetu: mvua haipo, anga safi, usiku baridi inauma. Theluji ya mbinguni huja kwa bahati, pepo za baridi zinapopanda kutoka baharini. Inayobeba msimu ni ile ya mashine, ambazo hurusha maji yaliyopondwa na hewa yenye mgandamizo yakawa matone madogo sana, na matone yakaganda kabla hayajagusa chini. Hewa ikiwa kavu, tone hupoteza joto upesi zaidi, kwa hiyo ukavu uleule unaonyima milima theluji ndio unaosaidia mashine. Kinachotakiwa ni baridi ya usiku. Ndiyo sababu nilipopiga simu kuulizia nafasi sikuuliza kama theluji ipo. Kila muuzaji atakuambia ipo. Niliuliza kama usiku wa wiki hiyo mashine bado zinawashwa, ni sehemu ipi huanza kufungwa joto likipanda, na kama pesa ya mafunzo inarudishwa pisti ikifungwa. Aliyenijibu alisema wazi kwamba wiki ya mwisho ya Agosti hawezi kuapa. Jibu hilo lilinipa imani kuliko kijitabu chochote cha matangazo.

Tarehe zilijipanga zenyewe. Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi, asubuhi tuko makaburini kulima na kusafisha, mchana tunakula pamoja. Huwezi kumwambia mama mkwe asafiri siku hiyo. Tarehe 9 Agosti ni sikukuu ya wanawake Afrika Kusini, na ikigusana na wikendi watu wa Johannesburg hupanda mlimani kwa wingi. Mwisho wa mwezi ni hatari ya theluji na ni foleni za kununua madaftari. Tukachukua siku za katikati ya wiki, katikati ya Agosti. Shule za Afrika Kusini likizo yao ya baridi huwa imeshapita Julai, kwa hiyo wakati huo kituo kinabaki na nafasi, na darasa la mwalimu linakuwa dogo. Hapo ndipo mwisho wa msimu unapokulipa.

Kuhusu viza nitasema moja tu linalosahaulika: ukitoka Afrika Kusini kuingia Lesotho umetoka nchi, na kurudi ni kuingia upya. Omba viza ya Afrika Kusini ya kuingia zaidi ya mara moja, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe kwenye mkoba wa mkononi. Gari la kukodi nalo linahitaji barua ya mwenye gari inayokuruhusu kuvuka mpaka. Ombeni barua hiyo siku mnapolipia gari.

Nguo ndizo zilizonifurahisha. Mama watoto alikuwa ameanza kuuliza bei za Johannesburg, nikamwambia twende kwanza soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi. Kwenye marobota ya mitumba kutoka Ulaya huwa zimo suruali za ski, zile nene zenye mikanda ya mabegani, na hapa hakuna anayezitaka. Mama muuzaji alikuwa amezirundika chini ya meza. Ukigeuza mguu wa suruali utaona ndani kuna kitambaa cha pili chenye mpira, kinachobana juu ya kiatu ili theluji isipande. Kikiwa kimechanika, iache. Makoti tuliyajaribu kwa kumwagia maji ya kikombe mgongoni na kuhesabu muda, muuzaji akitutazama kama wendawazimu, mwisho akaanza kutumwagia yeye mwenyewe. Alitupunguzia bei kwa sababu, alisema, tumemwondolea mzigo wa miaka. Glavu zilizopitisha maji tuliziacha. Jinzi ni marufuku. Ikilowa, mtoto amekwisha. Viatu, mbao za ski na kofia ngumu vinakodishwa kulekule.

Kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, safari ya moja kwa moja hadi Johannesburg huchukua chini ya saa tatu. Kutoka hapo ni mwendo wa gari wa saa tano hivi, mpaka wa Caledonspoort, mji wa Butha-Buthe, halafu kupanda. Anayezoea kuvuka Kasumbalesa kwenda Zambia hatashangazwa na kuendesha upande wa kushoto, lakini mlima wa Moteng, unaofika mita 2,820, unahitaji heshima: kona zimebana, na sehemu za kivulini huwa na barafu asubuhi isiyoonekana kwa macho. Tulilala bondeni na kupanda jua likiwa limekaa vizuri. Barabara hiyohiyo inaendelea mpaka mgodi wa almasi wa Letšeng, kwa hiyo malori ya mgodi yanapita. Mama mkwe, mjane wa mtu wa migodi, alipoyaona alisema angalau hapa tuko nyumbani.

Urefu wa mahali tuliuhisi. Lubumbashi iko kama mita 1,200 tu, na mtoto wa kati usiku wa kwanza kichwa kilimuuma na chakula akakikataa. Maji mengi, kulala mapema, asubuhi akaamka mzima. Kama mtoto angeendelea hivyo ningemshusha Butha-Buthe bila kujadiliana na mtu. Jua nalo ni kali kuliko unavyodhani kwa sababu ya baridi. Theluji inalirudisha usoni. Tulipaka mafuta ya kujikinga nalo, weusi wetu wote, na mama mkwe alicheka mpaka alipouona mdomo wake umepasuka.

Theluji ya msimu unaoisha ina saa zake. Saa mbili asubuhi ni ngumu, inakwaruza mkono, na mwanafunzi akianguka anaumia. Kuanzia saa nne hivi inalegea, hapo ndipo utamu ulipo. Baada ya saa nane inakuwa nzito, mbao zinakwama na magoti yanachoka. Mwalimu alitaka kutuweka asubuhi mapema. Nikamwomba atusogeze hadi saa nne, akakubali bila shida kwa sababu nafasi zilikuwepo. Binti mkubwa siku ya pili alikuwa ameshaacha mteremko wa watoto na anavutwa na kamba hadi juu. Mdogo wetu wa mwisho hakutaka mbao kabisa, alitaka kusukuma theluji kwa ndoo, na hakuna aliyemzuia. Mimi nilianguka kwa namna ambayo mama watoto aliirekodi na kuituma Grenoble.

Mama mkwe alikaa ndani karibu na dirisha, amejifunika blanketi la Basotho alilonunua njiani. Tatizo lake lilikuwa chakula, baga kila mahali. Siku tuliposhuka hadi Butha-Buthe alipewa papa na moroho: ugali wa mahindi na mboga za majani. Alimega tonge, akalitazama, akasema, "Hii ni bukari," jina la ugali kwetu. Akaomba sahani nyingine.

Yaya hajakata tamaa. Pasaka ya 2027 itaangukia tarehe 28 Machi, ambayo ni mapema, na hata vituo visivyo juu sana vitakuwa bado na kitu. Nimemjibu kwamba tunaweza kuzungumza, ila anitafutie kijiji kisichopungua mita 1,800, chenye mteremko wa wanaoanza uliotazama kaskazini, na viza za watoto tugawane nusu kwa nusu. Ya mama mkwe nitailipa mimi, akikubali kwenda nchi isiyo na bukari.