Ramani ya rangi haitoshi

Wateja wakinipa kazi ya kukokotoa nguzo za mgodi wa makaa ya mawe, yaani makaa yanayoachwa bila kuchimbwa ili yashikilie paa, wanachokitaka ni ile ramani ya rangi: bluu pako shwari, nyekundu pana hatari. Nawachorea, maana ndiyo wanayoilipia. Mimi mwenyewe huanza na nishati.

Hesabu ya haraka ni hii. Kwenye kina cha mita 600, mwamba wa juu unakandamiza kwa megapaskali 15 hivi. Makaa yakiondolewa, tuseme paa na sakafu vikasogeleana sentimita 20. Zidisha, gawa kwa mbili, unapata megajuli 1.5 kwa kila mita moja ya mraba. Nishati hiyo ingenyanyua lori la tani 10 hadi mita 15 juu, na zamu moja haichimbi mita moja tu ya mraba. Lazima iende mahali: ama ipasue mwamba kidogokidogo, ama irushe makaa kwa kishindo kwenye njia wanamofanyia watu kazi.

Hesabu za namna hii zilikuzwa Afrika Kusini miaka ya 1960, kwenye migodi ya dhahabu yenye kina kirefu, na watafiti akina Neville Cook na Miklós Salamon. Kwa migodi ya makaa, kuna sehemu ya pili ya kazi yao ambayo kwangu ndiyo kiini, nami niliielewa maabara. Weka kipande cha makaa kwenye mashine ya zamani ya kuponda mawe, yenye fremu nyembamba. Fremu inajivuta kidogo huku ikihifadhi nishati, na kipande kikianza kushindwa, yote inakirudia kwa mpigo: paa! Vumbi mpaka kwenye miwani. Kipande kama hicho ukikiweka kwenye mashine iliyokakamaa kinapasuka, kinamong'onyoka, unaweza hata kukichora kikiwa kinakufa. Makaa ni yale yale.

Mgodini, mashine ni mwamba wenyewe. Eneo lililochimbwa likiwa jembamba, mwamba unaozunguka nguzo umekakamaa. Nguzo ikizidiwa inabomoka polepole. Eneo likipanuka, ukakamavu unashuka, na nguzo ile ile sasa inaweza kulipuka. Ndiyo maana ramani inayoonyesha mgandamizo peke yake inaniudhi: nguzo mbili zenye rangi moja zinaweza kuwa na vifo viwili tofauti kabisa.

Crandall Canyon, jimbo la Utah, Marekani, ni mfano ninaourudia sana. Walikuwa wakichimba makaa yaliyoachwa makusudi kama kingo pembeni mwa njia kuu, juu yao mwamba wa zaidi ya mita 450. Kampuni ya ushauri ilikuwa imefanya modeli na kuona mpango unafaa. Machi 2007 kukatokea mpasuko mkubwa upande wa kaskazini. Hapo, kwa maoni yangu, kila modeli ilipaswa kurudishwa mezani na kulazimishwa kwanza ieleze kilichotokea kabla haijaulizwa kitakachofuata. Wao wakahamia kingo ya kusini. Agosti 6 nguzo zikaanguka kwa mfululizo, mitambo ya tetemeko ikasoma 3.9, watu 6 wakabaki chini na miili yao haikutolewa. Mmiliki alisema ni tetemeko la ardhi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha kuwa mtikisiko huo ulikuwa mgodi wenyewe ukiporomoka. Agosti 16 makaa yakapasuka tena, yakaua waokoaji 3.

Kwa hiyo kwenye modeli zangu kila nguzo naipa njia ya kushindwa: ikifika kilele, uwezo wake ushuke. Ukizipa seli za katikati, yaani vile vipande vidogo ambavyo modeli huigawa nguzo, nguvu isiyokwisha, kompyuta itakuambia nguzo haianguki, na itakuwa haijadanganya, imejibu ulichoiuliza. Kisha nachimba kwenye modeli hatua kwa hatua, kama zamu zitakavyochimba, nikiangalia ni hatua ipi nishati inaruka ghafla. Hapo napendekeza wasimame, waache nguzo, hata kama msimamizi wa uzalishaji atanuna. Hununa kweli.

Saa na siku modeli haitoi. Anayeyataka hayo namrudisha usoni mwa makaa na drili, kama walivyozoea Wajerumani kwenye migodi ya makaa ya bonde la Ruhr: toboa, pima unga unaotoka kila mita. Ukizidi sana kuliko ujazo wa tundu lenyewe, makaa yamebanwa, na watu watoke kwanza ndipo tupigiane simu.